Blanketi Katika Jalada la Bima

Usiku ule Costancia hakulala. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, khanga ya pili mabegani, akisikiliza barabara. Pikapu yao ilitoka kijijini kwao, Ulaya, alfajiri kwenda gulio la Mikumi, imebeba magunia ya mpunga, na mwanawe Mathayo ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Ilitakiwa irudi kabla jua halijazama. Jua lilizama, majirani wakaswali isha, jogoo wa kwanza akawika, na huko barabarani hapakusikika hata baiskeli.

“Lala, Mama Mathayo,” mumewe Cornel alisema kutoka kitandani. “Itakuwa pancha tu.”

“Pancha gani ya usiku kucha?”

“Basi pancha mbili.”

Costancia hakucheka. Alikuwa mama wa namna hiyo: watoto wake watano aliwahesabu kila jioni kama mtu anayefungia kuku, na hata walipokuwa watu wazima, wawili wameshaolewa, aliendelea kuwahesabu kwa majina kabla ya kutia komeo. Usiku ule aliwahesabu mara nne, na kila mara akaishia kwa wanne.

Pikapu ile watu waliiita Mguu wa Cornel, na hakuna aliyelitaja jina hilo kwa dhihaka. Cornel alikatwa mguu wa kulia na mashine katika shamba moja la mkonge, miaka miwili kabla ya uhuru. Aliletewa karatasi akiwa bado kitandani hospitalini, akabandika dole gumba bila kusomewa, na baadaye ikajulikana kwamba amekubali nusu ya haki yake. Kwa nusu hiyo, na kwa mavuno ya misimu mitatu, walinunua pikapu ya kijani iliyokwisha kuzeeka kwa mwenyewe wa kwanza. Mtu akiulizwa Kilosa amefikaje, alijibu, “Nimekuja na Mguu wa Cornel.” Cornel mwenyewe alifurahi kuliko wote. “Mguu mmoja unakaa nyumbani na mke wangu,” alisema, “mwingine unatembea hadi Mikumi mara tatu kwa wiki. Nani mwenye miguu kama mimi?”

Ndiyo sababu Costancia alikuwa na hofu mbili usiku ule, ingawa ya pili aliionea haya.

Kulipopambazuka alikuja mfanyakazi wa reli kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye kope.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Sema.”

“Mwanao mzima.”

“Anatembea?”

“Anatembea.”

“Anaongea?”

“Anaongea kupita kiasi, mama. Ndiye aliyenituma.”

Hapo tu ndipo alipoketi chini. Mjumbe akaeleza yaliyobaki. Jana jioni, karibu na Mikumi, kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Mathayo alipinda kulikwepa, gurudumu likaingia shimoni, gari likamgonga mtamba mmoja na kulala ubavu mtaroni. Mtamba alikufa. Binadamu hakuna aliyeumia. Pikapu ilikuwa imepondeka upande wa kushoto, na gurudumu la mbele limegeuka nje kama sikio la mbuzi.

Costancia alimshukuru Mungu kwa sauti, akampa mjumbe uji, kisha akaenda kwenye sanduku la bati, chini kabisa, chini ya blanketi jipya jekundu alilomwekea bintiye wa mwisho kwa ajili ya arusi. Akatoa karatasi ya bima.

Karatasi ile aliitafuta kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka uliotangulia walikuja mawakala wawili, siku tofauti, kila mmoja na kampuni yake. Wa kwanza alivaa tai nzuri, akagawa kalenda zenye picha za rangi na biskuti kwa watoto. Bima yake ilikuwa rahisi, na Cornel alikuwa tayari kukubali.

“Anaongea vizuri huyu,” alisema.

“Yule wa mkonge naye aliongea vizuri,” Costancia akamjibu, na Cornel akaiweka kalenda chini.

Wa pili alikuwa kijana kutoka Rungwe, jina lake Ulimboka. Alikuja kwa baiskeli, hana kalenda, na tai yake ilikuwa imefifia kwa kufuliwa. Alisema kampuni yake huuza bima ndogo, inayomlipa uliyemgonga tu, na bima kubwa, inayolipa na gari lako. Akasema pia kwamba kubwa ni ghali, na kwamba kulipwa huchukua muda. Costancia alishangaa kusikia muuzaji akiisema vibaya bidhaa yake mwenyewe.

Alikuwa amesoma hadi darasa la pili kwenye shule ya misheni. Mkataba wa Kiingereza asingeuweza. Lakini watu aliweza kuwasoma. Akapanda hadi Kilosa kwa Mwinshehe, mwenye basi, aliyejua habari za kila gari wilayani.

“Usiniambie nani kaandikisha bima,” alimwambia. “Niambie nani kalipwa.”

Mwinshehe akaangua kicheko. “Mama Mathayo! Unatafuta bima au unaozesha binti?”

“Binti akiteswa atarudi kwa mama yake. Pikapu yangu itarudi kwa nani?”

“Haya basi. Mimi nililipwa na hao wa kijana wa baiskeli. Walinizungusha miezi mitatu, nikawatukana mpaka nikachoka. Lakini walilipa. Wale wa kalenda, sijamwona aliyelipwa. Pengine wapo. Mimi sijamwona.”

Hata hilo halikumtosha. Alikwenda Morogoro, akalala kwa dada yake, na kwa siku mbili akakaa kwenye benchi la baraza, siku moja kwa kila kampuni. Mlinzi alipomuuliza anasubiri nini, alisema anapumzisha miguu, na hakusema uongo. Aligundua kwamba ofisi zote mbili zilikuwa na mlango, na kando ya mlango kidirisha kidogo. Aliyekataliwa alirudishiwa karatasi zake dirishani, kwa mkono tu, bila sura. Aliyekubaliwa alifunguliwa mlango, akaitwa ndani kutia saini. Kwa wale wa kalenda, kidirisha kilifunguliwa mara saba, mlango haukufunguliwa kutwa nzima. Kwa kina Ulimboka kidirisha kilifunguliwa mara nne, na mlango mara tatu.

Alirudi Ulaya akamwambia mumewe, “Hawa wa mlango. Na iwe ile bima kubwa.”

Siku ya kuandikisha, Ulimboka alikaa barazani kwao tangu adhuhuri, akiutafsiri mkataba mstari kwa mstari, kwa sababu Costancia alikataa saini ya mtu yeyote kabla ya kusikia kila neno. Walipofika ukurasa wa nyuma, mvua ikaanza. Bati likapiga kelele, na kijana alikuwa bado na safari ya Masanze kabla mto haujajaa.

“Huu wa nyuma ni maneno madogo madogo, mama.”

Costancia aliutazama ukurasa ule, akamtazama kijana aliyekwisha kuishika baiskeli yake, akamhurumia. “Nenda, mwanangu,” alisema. “Mto hausubiri.”

Sasa pikapu ilikuwa mtaroni, na kazi ya kwanza, kwa jinsi Costancia alivyolelewa, ilikuwa ni kwenda kumpa pole aliyefiwa na mnyama. Akalitoa blanketi jekundu sandukuni, akapanda basi la Mwinshehe, akamkuta Mathayo Mikumi, macho mekundu, shati limechanika. Polisi walikuwa wameshapima barabara. Mama na mwana wakaongozana na balozi wa nyumba kumi hadi kwenye boma la mwenye mtamba, mzee mfugaji aitwaye Kisio.

“Shikamoo, mzee,” Costancia alisema.

“Marahaba.” Mzee hakuwatazama. Alikuwa anatazama zizi.

Costancia akamsukuma mwanawe mgongoni kama mtoto wa shule. Mathayo akasema, “Mzee wangu, nimekosa. Nilikuwa nakimbizana na giza.” Mama yake akalifungua blanketi, akaliweka mabegani kwa mzee kwa mikono miwili.

Kisio alilipapasa blanketi kwa vidole. Kisha naye akasema yake, balozi akasema yake, maziwa yakaletwa, na jua likazama wakiwa wamekaa pamoja. Kabla ya kuondoka, balozi alitoa karatasi ndogo mfukoni akaandika: *Dereva Mathayo amekiri kosa mbele ya wazee. Ametoa blanketi moja. Mzee Kisio amelipokea na moyo wake umetulia.* Akagonga muhuri.

Na hapa ndipo Costancia, aliyejihadhari na karatasi miaka yote, aliponaswa na karatasi. Aliiona ile hati ni nzuri mno. Ilikuwa na muhuri na ilionyesha amani. Aliwaza kwamba watu wa bima wakiiona watajua wanashughulika na watu wa heshima. Ulimboka alikuwa kwao Rungwe kwenye msiba, kwa hiyo hakumuuliza mtu. Aliiambatanisha na fomu ya madai na taarifa ya polisi, akaituma Morogoro.

Baada ya wiki tano ikaja barua, na nyuma ya barua akaja Ulimboka mwenyewe, anaikokota baiskeli badala ya kuipanda. Costancia alipoona hivyo alijua.

“Shikamoo, mama. Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Kaa. Kunywa maji kwanza, ndipo utuue.”

Kijana hakunywa. Akaomba mkataba, akaufungua ukurasa wa nyuma, ule wa siku ya mvua, akausoma kwa Kiswahili. Ulisema mwenye bima asikiri kosa, wala asiahidi malipo, wala asipatane na mtu yeyote bila ruhusa ya kampuni. Akifanya hivyo, kampuni inaweza kukataa madai yote, na barua ilisema hivyo ndivyo inavyokusudia kufanya.

Fundi wa Kilosa alikuwa amekwisha kusema kwamba bila fedha ya bima hatagusa kitu, na kwamba kuna mtu anayetaka kuinunua pikapu kama vyuma chakavu.

“Kwa hiyo,” Cornel alisema taratibu, “mtu akikosa, asiseme amekosa?”

“Ndivyo karatasi inavyosema, baba.”

“Basi nimekatwa mguu wa pili.”

Costancia alijifunika uso kwa khanga. “Ni mimi,” alisema. “Nimeituma kwa mkono wangu.”

“Hapana, mama.” Ulimboka alisimama. “Ukurasa ule sikukusomea. Niliogopa mvua. Kosa ni langu, na nimekwisha kumwandikia meneja hivyo hivyo.”

“Umeandika? Kwamba ni kosa lako? Watakufukuza!”

“Huenda. Lakini ningeandika nini, mama?”

Costancia alimsogezea kijana kikombe cha maji. Miaka mingi baadaye, akisimulia, hapa ndipo sauti yake ilipobadilika. Alisema kwamba maishani alikutana na watu wengi waliompa vitu, lakini aliyempa ukweli uliomgharimu mwenyewe alikuwa mmoja, na alikuwa na tai iliyofifia.

“Meneja atasikiliza mara moja kabla ya kufunga jalada,” Ulimboka alisema. “Ijumaa. Angekuwepo na mwenye mtamba, ingefaa.”

Alhamisi Costancia alikuwa tena kwenye boma la Kisio. Alieleza yote bila kuficha. Mzee alisikiliza, akiwa amejifunga blanketi jekundu, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kukaza.

“Subiri,” alisema. “Hao watu wanasema nimelipwa?”

“Wanasema umepatana, mzee.”

“Mtamba wangu mweusi, mwenye baka jeupe shingoni, wanasema nimemuuza kwa blanketi?”

“Ndivyo walivyosoma.”

Kisio akachukua fimbo yake. “Basi hilo linaondoka saa ngapi?”

Mwinshehe alipojua safari ni ya nini, aliwakatalia nauli wote. “Mkishinda mtanilipa kwa kunisifu,” alisema. “Mkishindwa, msiseme mlipanda basi langu.”

Meneja alikuwa bwana mnene mwenye miwani na Kiswahili laini cha pwani. Jalada lilikuwa wazi mbele yake, na juu kabisa ilikuwa karatasi ndogo ya balozi. Costancia aliikwepa kwa macho.

“Mzee,” meneja alianza, “kijana huyu Mathayo alikiri kosa mbele yako?”

“Alikiri,” Kisio alisema.

Ulimboka alifumba macho. Meneja akachukua kalamu.

“Usiandike bado,” Kisio alisema. “Sijamaliza. Na mimi nilikiri.”

“Ulikiri nini?”

“Mchungaji wangu alichelewa kuvusha ng'ombe. Nilisema kosa ni langu. Balozi naye akasema kosa ni lake, lile shimo la barabarani aliahidi kulifukia tangu masika. Kila mtu alichukua la kwake, ndipo tukanywa maziwa. Kwetu mtu hanywi maziwa na mwenzake kabla hajachukua la kwake. Na huyu mama hapa ni hivyo hivyo, ingawa ni mkulima.”

“Lakini hapa limeandikwa la dereva tu.”

“Balozi alikuwa na karatasi ndogo.”

Karani aliyekaa pembeni alikohoa kuficha kicheko. Meneja akavua miwani.

“Na blanketi?”

Kisio alisimama, akalivua begani, akalitandaza juu ya meza, juu ya jalada na kalamu na kikombe cha chai.

“Litazame, bwana. Ni zuri?”

“Ni zuri.”

“Unao ng'ombe?”

“Sina, mzee.”

“Nilijua. Mwenye ng'ombe asingeniuliza. Hii ni pole. Asiyenipa pole ndiye ningemfanya adui. Mtamba wangu hajalipwa bado, na kama hamlipi hapa, niambie nimdai nani. Huyu mama nimeshakunywa naye maziwa, siwezi kumdai.”

Meneja akamgeukia Ulimboka. “Na wewe umeniandikia barua kwamba kosa ni lako.”

“Ndiyo, bwana.”

“Naona leo kosa lina wenyewe wanne.” Alilikunja blanketi mwenyewe, polepole, akalirudisha kwa mzee kwa mikono miwili. “Tokeni nje mnisubiri. Lazima niwapigie simu Dar es Salaam.”

Wakatoka. Mlango ukafungwa nyuma yao.

Benchi lilikuwa lile lile. Mathayo alikaa mwisho, ameinamisha kichwa. Ulimboka alisimama, hakuweza kukaa. Kisio alilala usingizi wa kukaa, mikono juu ya fimbo, kama mtu anayelinda zizi. Costancia alikaa akitazama ukuta, kidirisha upande wa kushoto, mlango upande wa kulia, na maana yake aliijua yeye peke yake.

Mwaka uliofuata Azimio lilitangazwa, bima zote zikaenda mikononi mwa serikali, na hapakuwa tena na kuchagua baina ya mlango na mlango. Lakini wenye magari wa Kilosa na Mikumi waliendelea kumjia Costancia na karatasi zao, akawaita watoto wa shule wamsomee, na kila mara alianzia ukurasa wa nyuma. Wakimpa asante alisema asante si yake. Aliwataja wote: mfanyakazi wa reli, Mwinshehe na nauli yake, mzee aliyevua blanketi, na kijana wa Rungwe aliyelichukua la kwake. “Mimi nilikaa tu kwenye benchi,” alisema.

Siku ile, benchini, hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba simu ilikuwa imelia ndani, kisha ikanyamaza.

Kidirisha kikafunguka.

Costancia akasimama. Mkono ulitokea, wa karani, bila sura. Ulikuwa umeshika kikombe. Ukamwaga machicha ya chai kwenye maua, ukarudi ndani, kidirisha kikafungwa.

“Mama,” Mathayo alinong'ona, “mbona umesimama?”

“Nyamaza, mwanangu. Sikiliza.”

Ndani kiti kilisogezwa. Nyayo nzito zikavuka sakafu ya mbao, hazikuelekea kushoto. Kisio akafumbua macho. Ulimboka akajirekebisha tai. Kitasa kikazunguka, na mlango ukafunguka.